Namba Uliyoifuta kwa Mguu

Baba Neema wangu,

Huko uliko sijui kama mnahesabu chochote. Huku bado tunahesabu kila kitu: madebe ya alizeti, magunia ya vitunguu, hata mvua zenyewe, ambazo mwaka huu zimekuja kwa kusuasua kama mgeni asiye na uhakika na nyumba. Nimeamka nikasema nikuandikie, maana jana kuna jambo limetokea hapa nyumbani na sioni mwingine wa kumweleza akalielewa mpaka ndani. Neema ningemweleza, lakini yuko shule, na simu ya matroni siyo ya mambo kama haya.

Ila nianze na namba. Nakujua, ningeiacha mwisho ungenuna.

Unakumbuka ulivyokuja kwetu Misigiri mara ya kwanza? Mama alikuwa anapepeta alizeti uani, na upepo wetu ule usiomheshimu mtu ulichukua makapi yote ukakupaka wewe na shati lako jeupe la ualimu. Wenzangu waliokuwa wanachumbiwa waliletewa khanga. Wengine waliletewa maneno matamu mpaka wakasahau kupika. Mimi niliandikiwa namba chini. Uliokota kijiti ukachora kwenye vumbi: 73939133. Ukaniuliza, "Unaionaje?" Nikakujibu naiona ndefu. Ningesema nini zaidi, mimi niliyemaliza kidato cha nne na hesabu nikaifeli bila aibu?

"Haigawanyiki," ukasema. "Igawe kwa namba yoyote unayoitaka, isipokuwa moja na yenyewe, lazima kitu kibaki."

Hilo halikunishtua. Nilikumbuka kwamba ziko namba za hivyo, shuleni mnaziita namba tasa, mbili, tatu, tano, saba, na kwamba ukizitafuta huzimalizi. Ndipo ukanyanyua mguu, ukafuta tarakimu ya mwisho kwa kiatu. Ikabaki 7393913. "Na hii haigawanyiki." Ukafuta tena. 739391. "Na hii pia." Ukaendelea: 73939, 7393, 739, 73, kila ukifuta unaniangalia usoni uone kama imeingia, mpaka pale chini ikabaki saba peke yake na kiatu chako kimejaa vumbi.

Mama akaacha kupepeta. Akaniuliza kwa Kinyiramba huyu kijana anasumbuliwa na nini. Nikamwambia hasumbuliwi na kitu, ni mwalimu wa hesabu.

Nilikucheka sana, unajua. Lakini ulipoondoka nilichukua kijiti chako kilekile nikasema ngoja niivunje hiyo namba yake, akirudi nimwaibishe. Kwa tatu ikakataa. Kwa saba ikabaki mbili. Kwa kumi na moja ikabaki nne. Kwa kumi na tatu ikabaki nane. Moyo ukaanza kunienda mbio: mbili, nne, nane, nikajua nimeukamata mkia wake, kwa kumi na saba itabaki kumi na sita na siku moja nitaipata tu pale inapoelekea. Nikagawa kwa kumi na saba. Ikabaki kumi na tatu. Nikarudia nikidhani nimekosea. Kumi na tatu. Ule utaratibu wangu ukafia palepale uani, na ile namba ikabaki imekaa vumbini bila hata mkwaruzo.

Nikaogopa, Baba Neema. Sikuwahi kukuambia kwa neno hilo. Nilikuambia imenichosha, lakini ukweli ni kwamba niliogopa vizuri, kama mtu anavyoogopa kanisani wimbo unapopanda. Nilikuwa nimezoea kwamba kila kitu duniani ukikikata hupungua: mkate, shamba, ng'ombe wa mahari. Hiki hapa kilikuwa kinakatwa na kinabaki kile kile.

Uliporudi nikakubali kuolewa. Watu wanadhani ni ile baiskeli yako.

Tulipohamia kwenye nyumba yetu hii uliendelea kunionyesha kwamba siyo mchezo wa kawaida. Ulinifanya nichukue namba yoyote ndefu ninayoijua na kuifuta mwisho mwisho. Tukajaribu namba ya simu yako, tukajaribu namba ya pikipiki ya mchungaji, tukajaribu mwaka aliozaliwa mama yako ambao hakuna mwenye uhakika nao. Zote zilianguka mapema. Hii ikafa kwa mbili, ile ikafa kwa tano, ile nyingine ikaonekana jasiri kidogo kisha ikafa kwa tatu. Ukasema namba zinazovumilia kufutwa hivyo mpaka mwisho, kuanzia zile fupi kabisa, ziko themanini na tatu tu. Nikakuuliza, "Na themanini na tatu yenyewe inagawanyika?" Ukacheka mpaka ukakaa chini, kwa sababu haigawanyiki.

Na katika hizo zote, hii ndiyo kubwa kuliko zote. Hapo ndipo nilipobishana na wewe siku nzima tukiwa tunamwagilia vitunguu. Nilisema haiwezekani, namba hazina mwisho, basi ongeza tarakimu moja mwishoni iendelee. Ukanipa jembe ukaandika kwenye tuta lenye unyevu. Ukiongeza shufwa, mbili inaivunja. Ukiongeza tano, tano inaivunja. Ukiongeza moja, tatu inaivunja. Ukiongeza saba, tatu tena. Zikabaki tatu na tisa, na hizo ulisema zinavunjwa na namba ambazo hazimo kwenye jedwali la kuzidisha, umeshazitafuta kwa jasho. Maji yakavuka tuta, tukapoteza mstari mzima wa miche, na wewe umesimama matopeni unafurahi. "Imefika hapo ikasimama," ukasema. "Namba hazina mwisho, lakini hii ina mwisho."

Nikakuuliza ni nani aliyeiwekea mpaka huo. Ukasema hakuna mtu aliyeuweka, ulikuwepo. Kabla ya watu, kabla ya ng'ombe, kabla ya yale mawe yetu makubwa tunayodhani yameanza dunia, saba ilikuwa saba na hii ilikuwa imeshasimama pale. Mimi nikasema basi ni Mungu. Wewe ukasema inawezekana, ila hata Yeye asingeweza kuifanya igawanyike kwa tatu. Nikakukemea, kwa sababu Neema alikuwa tumboni na sikutaka asikie.

Baadaye Neema mwenyewe alibembelezwa nayo. Wenzake waliimbiwa nyimbo za kubembeleza, yeye uliimba saba tatu tisa tatu tisa moja tatu tatu, ukipunguza moja moja, na ukifika kwenye saba analala. Alijua kuisema kabla hajajua kusema shikamoo, nikaaibika mbele ya wageni.

Halafu presha.

Ulikuwa darasani, chaki ikakudondoka. Ukainama kuiokota na mkono wa kulia ukakataa. Wanafunzi walidhani unawatania. Nilipofika hospitali mdomo wako ulikuwa umevutwa upande mmoja, mimi nimeshika khanga yangu mdomoni nisipige kelele, na wewe kwa ulimi mzito ukaniambia, "Futa ya mwisho, Mama Neema. Bado." Muuguzi alidhani umechanganyikiwa. Mimi nilicheka na kulia pamoja.

Ulijifunza kuandika kwa kushoto, mwandiko wa mtoto wa chekechea, ukarudi kufundisha. Kisha mguu ukaenda. Ukakubali kukaa kwenye kiti, ukawa unawafundisha watoto wa jirani hapa uani. Kisha yakaanza kwenda maneno, na hayo ndiyo yaliyoniuma kuliko mkono na mguu, maana wewe mtu wa kusema. Yaliondoka kidogo kidogo. Uliacha kusema majina ya vitu, ukaacha kusema jina langu, ukabaki na ndiyo na hapana, kisha na hizo zikakwenda. Neno lililobaki likawa moja.

"Saba."

Ukiulizwa unaumwa wapi, saba. Ukiletewa uji, saba. Mchungaji alipoomba na sisi tukasema amina, wewe ukasema saba.

Ndugu zako walikuja kutoka Kinyangiri, wakiongozwa na kaka yako mkubwa Mkumbo. Nikampokea, "Shikamoo shemeji," naye akaitika bila kuniangalia kwa sababu alikuwa anakusikiliza wewe. Nilimwona uso ukibadilika. Akawaita wenzake nje. Kwa wafugaji wa kwenu hakuna mtu mwenye akili anayeweka ng'ombe wake wote zizi moja. Wengine huwapeleka kwa rafiki kijiji cha mbali wakalishwe huko, ili ugonjwa ukiingia au wezi wakija wasimalizwe wote. Na mwenyewe hatangazi. Hata mke haambiwi. Hutamka mwisho, akiona hali imekuwa mbaya. Sasa mtu amelala, hana neno lingine, anasema saba, saba, saba. Shemeji Mkumbo akajua kabisa: mdogo wangu ana ng'ombe saba kwa mtu, na anahangaika kuniambia ni kwa nani.

Akaanza kukutajia vijiji. "Wako Kinyampanda? Wako Iguguno?" Unasema saba. "Kwa rafiki yako Gunda?" Saba. Masikini, alikuwa akitoka jasho. Wewe, Baba Neema, mtu aliyenunua kuku wawili akashindwa kuwajua kwa sura.

Ningeweza kumwambia palepale. Lakini mimi mwenyewe sikuwa na hakika. Daktari alishaniambia ugonjwa huu huacha neno moja kinywani, likatoka tu lenyewe, mtu hajui anachosema. Hilo ndilo nililokuwa nabeba siku zile zote nikikugeuza na kukuosha. Sikuwa nauliza kama utapona. Nilikuwa nauliza kama bado upo mle ndani, au kama kilichobaki ni saba inayojisema.

Ndugu zako wao walishaamua. Walipoona hujibu vijiji, wakaanza kuongea juu yako kama vile kitanda ni kitupu. Walibishana uzikwe wapi, hapa au nyumbani kwa wazee. Mmoja akapima kwa macho urefu wako. Shemeji Mkumbo akasema, nami nimesimama mlangoni na sahani za ugali, "Huyu mama ana mtoto mmoja tu wa kike, shamba lote hili atalifanyia nini?" Nikaweka sahani chini. Nikamwambia, "Shemeji, anasikia." Akanijibu kwa upole, na upole ule ndio ulioniudhi, "Shemeji, unajifariji. Huyu ameshaondoka zamani."

Walipotoka kwenda kuoga nikakaa kitandani kwako. Nikashika mkono wako wa kushoto. Nikaanza polepole: saba, tatu, tisa, tatu, tisa, moja, tatu. Na ya mwisho, kwa makusudi, nikasema nne.

Ulinibana vidole mpaka nikaguna. Na macho yako yakanigeukia kwa lile jicho lako, lile la kumwangalia mwanafunzi anayebahatisha. Nililijua jicho hilo, nimeishi nalo. Nikarudia, nikasema tatu. Mkono ukalegea. Nikarudia tena, nikakosea katikati, nikaweka sita mahali pa tisa. Ukanibana hapohapo, kwenye sita. Basi nikaanza kufuta, moja moja, kwa sauti, na kila nikifuta nakuuliza, "Bado?" na kila mara mkono wako unanijibu kwa kulegea, mpaka tukafika mwisho na ukalisema mwenyewe neno lako, na safari hii nililisikia jinsi lilivyo.

Baba Neema, nimeona mambo. Nimezaa. Nimemwona mama akikata roho. Lakini sijawahi kusimama mbele ya kitu kikubwa kama kile. Ugonjwa ulikuondolea mkono, ukakuondolea mguu, ukakuondolea maneno yote uliyopewa na mama yako, na kila ulipoondoa, kilichobaki kilikuwa wewe mzima. Nililala pale pembeni yako, na sikuwa na huzuni hata chembe.

Ulitutoka wiki hiyohiyo. Tulikuzika hapahapa, hilo nililipigania mwenyewe na nikashinda.

Sasa sikiliza. Shemeji Mkumbo hakuacha kutafuta. Kiangazi chote alikuwa juu ya pikipiki ya kukodi akizunguka kwa marafiki zako, kwa walimu uliosoma nao, mpaka kwa mtu mmoja Issuna aliyewahi kukuuzia mbuzi. Hakuwa anatafuta kwa tamaa, hilo nalisema wazi. Aliniambia ng'ombe wakipatikana ni wa Neema, wala hatagusa mkia. Alikuwa anakutimizia la mwisho ulilosema.

Mwezi uliopita akapita hapa, amechoka, amekauka midomo. Nikampa chai. Akasema kwa kunihurumia, "Pengine tulimsumbua bure. Maskini mdogo wangu, alikuwa hayupo, tulikuwa tunalinda mwili tu."

Nikashindwa kuvumilia. Nilimtoa nje kama mtoto. Nikaokota kijiti nikaandika namba yako kwenye vumbi, tarakimu zote nane, nikamweleza kama ulivyonieleza mimi, nikavua kandambili nikaanza kufuta kwa mguu. Nilidhani atanikatiza. Hakunikatiza. Alichuchumaa, yule mzee wa zizi, akawa anaitazama namba kwa makini kama anavyomtazama ndama mgonjwa, na nilipofuta mara ya tatu ni yeye aliyeuliza, "Bado?"

"Bado, shemeji."

Tukaenda naye hivyo mpaka saba. Kisha nikamweleza habari ya mkono, na nne, na sita, na lile jicho.

"Kwa hiyo alikuwepo," akasema.

"Alikuwepo."

"Hata siku ile tulipokuwa tunabishana habari za kaburi." Akaitazama ile saba pale vumbini. "Na shamba."

Ningeweza kumwongopea. Nilimwangalia mvi zake na nikataka kumwongopea. Lakini ningekufuta wewe ili yeye alale vizuri, na hilo nisingeweza. Nikasema, "Alisikia yote, shemeji." Aliinuka, akachukua kofia yake, chai akaiacha na utando juu, akaondoka bila kuaga. Nikajilaumu siku nyingi.

Jana mchana nikasikia kengele ya ng'ombe barabarani. Nikatoka. Shemeji Mkumbo huyo, kwa miguu, vumbi mpaka kwenye nyusi, anaswaga mtamba mmoja mwekundu mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. Nikamwamkia, akaitika. Akanipa kamba mkononi.

"Wamepatikana," akasema. "Wale wa mdogo wangu. Huyu ndiye wa kwanza. Wengine nitawaleta mmoja mmoja, Neema awakute."

Nikamtazama yule mtamba. Sikio la kushoto limekatwa alama ya zizi la Kinyangiri, na Neema mwenyewe amewahi kumlisha mabua akiwa ndama, kule kule kwa baba yake mkubwa. Shemeji aliona ninavyoangalia lile sikio. Hakuyakwepesha macho yake.

Nikajua yeye anajua hakuna ng'ombe. Nikajua anajua kwamba mimi najua. Nilitaka kurudisha ile kamba, nikaona itakuwa ni kumrudishia mzigo alioutua baada ya kuubeba njia yote hiyo. Nikaifunga kwenye mlango wa banda la kuni.

"Ahsante, shemeji," nikasema. "Baba Neema angefurahi angejua."

Akawa anajifuta uso kwa kofia.

"Anajua," akasema.

Pumzika, mwalimu wangu. Mtamba anakula vizuri, na nimemwekea maji.

Mkeo,
Mama Neema